Upande wa Tofali Usioonekana

Saa sita kamili mchana, Jumanne moja ya mwezi Mei, Ardelia Crutcher alitoka jikoni na kikaango cha chuma chenye mkate wa mahindi, akakitua juu ya meza iliyokuwa nyuma ya nyumba yake huko Huntsville, Alabama, na roboti wanne wakaingia kwa lango la pembeni. Waliingia kwa mstari, kama kawaida yao. Kila mmoja alikung'uta vumbi miguuni, akachukua ndoo yake ya plastiki, akaifudikiza, akaketi. Vumbi lenyewe halikuwa la Alabama, ambalo ni jekundu na humng'ang'ania mtu hadi kaburini. Lilikuwa la mwezini, la kijivu, lenye harufu ya baruti, na kwa kuwa mwaka mzima ulikuwa umepita tangu roboti waanze kuja, lilikuwa limefanya tuta dogo kando ya lango.

"Shemeji," alisema Cleophus, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye aliishi nyumba ya pili na hakuhitaji kengele kujua chakula kimeiva, "waambie vijana wako wajikung'ute huko huko nje. Jana nimepiga chafya mpaka meno ya bandia yakaangukia kwenye sukuma wiki."

"Kati yako na wao, mgeni ni nani?"

"Mimi nimezaliwa mtaa huu."

"Nao hawajawahi kumaliza kuku wangu."

Cleophus akacheka, akajikatia kipande cha mkate kilichotosha watu wawili, akaumwagia mchuzi mweupe mguu wa kuku aliyechomwa. Roboti hawakula. Waliweka mikono yao ya chuma magotini, wakautazama uzio kwa nusu saa, jinsi mafundi wanavyoutazama uzio wa mtu mwingine wanapopumzika, wakiona kila mahali ulipopinda wasiseme neno. Saa sita na nusu walisimama, wakarudisha ndoo mahali pake, wakatoka kwa lango lile lile. Dakika hiyo hiyo, kwenye ncha ya kusini ya mwezi, roboti wanne waliendelea na ujenzi wa kituo kutokea pale walipouachia.

Ardelia alikuwa amewapa majina, kwa sababu namba walizopewa na Kampuni iliyokuwa ikijenga kituo kile hazikumpa mtu pa kushika anapotaka kukemea. Wa kwanza alikuwa Haraka, wa pili Mbishi, wa tatu Usingizi. Wa nne, aliyetembea taratibu huku ameinamisha shingo kama mtu anayepitisha sahani ya sadaka, alikuwa Shemasi. Wote wanne aliwafundisha yeye. Miaka mitatu nyuma, Kampuni iligundua kwamba wahandisi wake mia mbili na tisini waliweza kuwafikisha roboti mwezini, kuwalinda na baridi ya huko, na kuwapa tanuri la kuoka vumbi hadi liwe tofali, lakini hakuna hata mmoja wao aliyejua kunyoosha mstari wa matofali. Ndipo wakamtafuta mwashi. Wakamvika glavu zenye nyuzi zilizonasa kila mwendo wa kidole, wakampa banda na matofali elfu nane.

"Fanya kazi kama unavyofanya siku zote," walimwambia. "Usiongeze kitu, usipunguze kitu."

Ardelia hakuongeza, hakupunguza. Alijenga, akabomoa palipopinda, akajenga tena, na ilipofika saa sita aliingia ndani ya gari lake, akaenda kula nyumbani. Mwongozo wa Kampuni ulitaka zamu nzima inakiliwe bila kukatizwa, na katika Kampuni ile hapakuwa na mtu aliyekatiza kilichotakiwa na mwongozo. Kwa hiyo mapumziko nayo yalinakiliwa, pamoja na njia ya kwenda na njia ya kurudi, na uzio, na ndoo.

Kampuni ilikuwa imejua habari za ziara hizi tangu wiki ya tatu, pale ilipoonekana kwenye vioo vya chumba cha uangalizi kwamba kila siku, kwa nusu saa, kiwanja cha ujenzi mwezini hakikuwa na mtu wala roboti. Alitumwa mkaguzi wa ubora, Tanner Oglesby, mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, mwenye kalamu nne kifuani na imani kwamba lolote likiandikwa kwa usahihi litanyooka. Alifika na fomu ya hitilafu, akasimama kando ya meza.

"Samahani, Bi Ardelia. Hawa ndio wale wa mwezini?"

"Wana namba vifuani, mwanangu. Soma."

Akasoma, akatia alama nne. "Kuna uharibifu wowote waliosababisha?"

"Mbishi amenikanyagia nyanya."

Akaandika: nyanya, miche miwili. "Na hukaa muda gani?"

"Nusu saa," alidakia Cleophus. "Wangekuwa mafundi wa mji huu wangekaa hadi Alhamisi."

Fomu ile ilipelekwa mbele ya Baraza la Hitilafu, ambalo hukutana kila Jumanne asubuhi na lina maamuzi manne tu ya kuchagua: kirudishwe, kirekebishwe, kitupwe, au kitumike kilivyo. Suala la roboti lilichukua dakika kumi na moja. Ilionekana kwamba saa hiyo ilikuwa imetengwa tangu mwanzo kwa ajili ya kupoza betri, na kwamba roboti walirudi betri zikiwa zimepoa vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Mhandisi mmoja aliuliza walisafirije. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba swali hilo halikuwamo kwenye fomu. Ukapigwa muhuri: KITUMIKE KILIVYO.

Jumanne hii ya Mei, roboti walikuwa wameondoka kitambo kidogo na Cleophus anafuta sahani kwa ukoko wa mkate, Tanner alipoingia tena kwa lango la pembeni akiwa na fomu mpya na bahasha ya picha.

"Kila tofali hupigwa picha pande zake zote kabla halijawekwa," alieleza, akizipanga picha mezani. "Kituo kina kuta saba. Tofali la mwisho la kila ukuta lina alama upande wa chini. Tulidhani ni ufa. Si ufa."

Ilikuwa alama ya dole gumba. Mistari yake ilizunguka vizuri, na katikati ilikatwa na kovu la mshazari. Matofali yale yalikuwa yameokwa kwa miale ya jua hadi yakawa magumu kama kioo, na mikono ya roboti ilikuwa na vidole vitatu vya chuma; dole gumba hawakutengenezewa, kwa sababu ya uzito.

Ardelia aliweka dole gumba lake la kulia kando ya picha. Kovu likaendelea kutoka karatasini hadi kwenye ngozi.

"Patasi," alisema. "Mwaka niliojenga ngazi za kanisa."

"Nilidhani hivyo," alisema Tanner. "Niandike imetokeaje?"

"Kuna nafasi ya kuandika hilo?"

Akaigeuza fomu pande zote mbili. "Hakuna."

"Basi usijisumbue. Imetokea kwa baba yangu."

Baba yake, Ezell Fennoy, alikuwa mwashi katika miaka ambayo mtu mweusi kama yeye aliweza kujenga shule lakini hakuweza kumpeleka mwanawe kusoma humo. Kila jengo alilojenga lilipokamilika, lilipachikwa kibao mbele, nacho kibao kilikuwa na majina: la meya, la mchoraji ramani, la tajiri aliyetoa kiwanja, mara moja hata la mbwa wa tajiri. La Fennoy halikuwamo kamwe. Kwa hiyo alikuwa na desturi yake. Alipofika tofali la mwisho la ukuta, alilipindua, akabonyeza dole gumba kwenye saruji mbichi upande wa chini, kisha akaliweka mahali pake na kulipigapiga kwa mpini wa mwiko. "Juu ni pa aliyelipa," alimwambia binti yake, aliyekuwa akimpitishia matofali. "Chini ni pa aliyejenga. Jina la kweli hukaa upande usioonekana." Ardelia alikuwa amefanya hivyo kwa kila ukuta wa maisha yake, na alikuwa amefanya hivyo ndani ya banda la Kampuni, akiwa amevaa glavu, kwa kuwa aliambiwa asipunguze kitu.

Tanner alizikusanya picha zake. Alikuwa mtu asiyejua kunyamaza na jambo jema, kwa hiyo akasema, "Kazi inakwisha kabla ya wakati. Alhamisi ya wiki ijayo kituo kinafunguliwa. Shemasi, yaani, Namba Nne, atapachika kibao kwenye ukuta wa mbele, dunia nzima ikitazama. Kina majina arobaini na moja."

"Langu limo?"

Tanner alizitazama kalamu zake.

"Limo au halimo?" aliuliza Cleophus. "Mbona unahesabu kalamu? Hakuna aliyeziiba."

"Halimo," alisema Tanner.

Ardelia alikuwa na miaka sitini na sita. Isipokuwa makaburini, hakuwa amewahi kuona jina la Fennoy wala la Crutcher kwenye kibao chochote. Dole gumba lilimtosha baba yake kwa sababu hakupewa kingine, na binti alikuwa ameirithi desturi ile pamoja na mwiko. Sasa alijua anachotaka. Alitaka mara moja tu, hata kama ni mahali pasipofika mtu kwa miguu, jina lake lisomeke.

Jumanne iliyofuata alivaa kofia yake ya zambarau ya Jumapili, akaenda mbele ya Baraza la Hitilafu. Walimpa kiti na maji. Mwenyekiti alikuwa Daktari Lorraine Sibley, mwanamke mpole, ambaye alikuwa amelia kwa furaha siku ukuta wa kwanza ulipokamilika, na kumbukumbu za mkutano zilionyesha hivyo.

"Bi Ardelia," alisema, "uko mioyoni mwetu sote."

"Nashukuru, Daktari. Lakini moyoni hampigiliwi msumari. Naomba niwe kwenye kibao."

Daktari Sibley alieleza, bila kuharakisha, kwamba kibao kilikuwa tayari mwezini. Alieleza pia kwamba majina yalitolewa kwenye orodha ya wafanyakazi, na Bi Ardelia hakuwa kwenye orodha ile. Ardelia akauliza alikuwa kwenye orodha gani, kwa sababu kwa miezi kumi na minane alikuwa akipita getini kila asubuhi na mlinzi alimfungulia. Ilitafutwa. Ilipatikana baada ya dakika nne. Alikuwa kwenye orodha ya vifaa, kati ya glavu na ngazi ya alumini.

"Hapo kuna hitilafu," alisema Tanner kutoka mwisho wa meza, huku ameinua kalamu.

Baraza liliijadili. Kumhamisha kutoka vifaa kwenda watu kungehitaji vifaa vihesabiwe upya tangu mwanzo, na ngazi ya alumini yenyewe ilikuwa imepotea. Muhuri ule ule ulipigwa polepole, kwa heshima. Ardelia aliusoma akiwa amesimama, akawashukuru kwa maji, akarudi nyumbani kutoa mkate ndani ya jiko kabla haujaungua.

"Sasa nisikilize mimi mjinga," alisema Cleophus mchana ule, akiwaelekezea uma roboti waliokuwa wameketi kwenye ndoo zao. "Wewe ndiye uliyewafunza hawa. Waambie wasikipachike. Waseme skrubu zimepotea. Waseme mgongo unauma. Neno moja tu, shemeji."

"Fundi haachi kazi ya mtu katikati."

"Hata mtu mwenyewe akiwa mwizi?"

"Hapo ndipo hasa haachi. Ukimharibia, atasema kazi yako ilikuwa mbovu. Atakuwa amekuibia mara mbili."

Cleophus alijikatia kipande kingine cha mkate. Roboti waliposimama kuondoka, Ardelia alimshika Shemasi kiwiko.

"Kipachike vizuri," alisema. "Pima mara mbili. Kisiende upande. Na ufanye kama nilivyokufundisha, usiongeze, usipunguze."

Shemasi aliinamisha shingo, ingawa shingo yake ilikuwa imeinama siku zote.

Alhamisi, saa nne asubuhi, walitazama kwenye televisheni ya Cleophus, ambayo ilikuwa kubwa kuliko ukuta ulioibeba. Rais wa Kampuni alihutubia. Bendi ya shule ikapiga. Kisha ikaonekana anga nyeusi, na kituo, kuta zake saba zimenyooka kama zilizokatwa kwa uzi, na mbele yake Shemasi ameshika kibao kwa mikono miwili.

"Tazama huo ukuta, shemeji," alisema Cleophus kwa sauti ndogo. "Ee Mola. Tazama huo ukuta."

Shemasi alikipangusa kibao. Alipima usawa wake mara ya kwanza. Akapima mara ya pili. Halafu alikigeuza majina yote arobaini na moja yakaelekea ndani, akakigandamiza ukutani, akakaza skrubu kumi na mbili, moja baada ya nyingine, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake. Mgongo wa kibao, uliokuwa mtupu, ulielekea kwenye kamera. Katikati yake palikuwa na alama ya dole gumba, kubwa kama sahani ya chakula, yenye kovu la mshazari.

Ukumbini, rais wa Kampuni alikuwa ameshaanza kupiga makofi, na makofi ya rais yakishaanza hayana wa kuyazuia.

"Umemwambia nini?" aliuliza Cleophus.

"Nimemwambia apime."

"Amepima."

"Amepima," alisema Ardelia. "Na majina ameyaweka panapowekwa jina, upande usioonekana. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo." Alikitazama kibao kile. Hakikwenda upande hata kwa unywele.

Baraza la Hitilafu lilikutana mchana huo huo, jambo ambalo halikuwahi kutokea siku isiyo Jumanne. Skrubu zile zilikuwa za namna isiyofunguka, kwa sababu mwongozo ulikataza kibao kuibiwa. Uamuzi ukawa ule ule. Tanner Oglesby aliandika ripoti yake kwa wino, na kwenye sehemu ya asili ya alama aliandika kwa herufi kubwa: ARDELIA FENNOY CRUTCHER, MWASHI. Ripoti ilipokelewa, ikapewa namba. Kwa siku tisa Ardelia alisubiri simu. Aliiweka karibu hata alipokuwa akikanda unga, kwa kuwa sasa alama ilikuwa imeonwa na dunia nzima, na ilikuwa haki kufikiri kwamba kuna atakayeuliza ni ya nani.

Hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kila mtu aliipenda. Watoto waliichora madaftarini. Watu wazima waliichanja mabegani. Kampuni, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikitumia picha ya nyota tatu ambazo hazikumsisimua mtu, iliisajili kuwa nembo yake. Ilichorwa juu ya jengo kuu, ikachapwa kwenye vikombe na kofia, na kijitabu kilichoeleza maana yake kilisema kwamba inawakilisha mguso wa binadamu kwa ujumla.

Siku ya kumi Tanner alileta barua mwenyewe, pamoja na kofia. Masikio yake yalikuwa mekundu. Barua ilimshukuru Bi Crutcher kwa moyo wake, na ikamwomba, kwa unyenyekevu, asiitumie nembo ile kwenye kazi yoyote ya ujenzi bila kibali cha maandishi.

"Niliandika jina lako," alisema Tanner. "Niliandika kwa wino. Niliandika hata la baba yako, kwenye ukingo."

"Najua, mwanangu."

"Nitaandika tena."

"Andika. Lakini kwanza kaa, ule."

Hapakuwa na kiti kilichobaki, kwa hiyo alimletea ndoo ya tano. Roboti walipoingia kwa lango la pembeni na kujipanga, Usingizi alisogea kidogo kumpisha. Cleophus alivaa ile kofia, akasema inamkaa vizuri kuliko ambavyo ingemkaa rais wa Kampuni, na hakuna aliyembishia.

Jumatatu iliyofuata Ardelia alikwenda kwenye duka la dawa kuchukua vidonge vyake vya presha. Mashine iliyokuwa kaunta ilitaka alama ya kidole. Aliweka dole gumba la kulia, kama alivyofanya kila mwezi, na kioo kikawaka, kikaonyesha anga nyeusi na kuta saba nzuri, kikaikaribisha Kampuni, kikaiuliza kama ingependa kuendelea.

Muuza dawa, Bi Wilhelmina, ambaye waliimba pamoja kwaya ya kanisa, alinyoosha shingo akatazama. Alikuwa amefanya kazi kwenye kaunta ile miaka ishirini na sita.

"Imekuwa hivyo tangu Ijumaa," alisema. "Weka la kushoto, mpenzi. Hilo bado ni lako."

"Kwa leo," alisema Ardelia, akalibonyeza.